Waliposema Nyigu Wangu ni Mchoro

Wamama na wababa wa kikundi hiki cha Gitothua, hapa Ruiru, namshukuru Mungu nimesimama mbele yenu nikiwa na akili zangu timamu. Wengi husimama hapa kutoa ushuhuda wakilia. Mimi nimesimama na hasira. Nilimwambia mwenyekiti wetu hivyo, akanijibu, "Njoo nayo hivyo hivyo, usiipake sukari." Basi nimekuja nayo.

Nililelewa Kiandutu, Thika, na mama aliyekuwa akifulia watu nguo. Nikasoma bayolojia, nikaajiriwa kwenye kituo kimoja cha utafiti. Kazi yangu ilikuwa wadudu wanaofyonza makadamia, zile karanga za mitini, zikaharibika kabla hazijavunwa. Jioni, nikirudi kwa nyumba yangu ya kupanga Githurai 45, nilichora kwa tableti. Nilichora wanawake wa Kiandutu wakibeba mitungi ya maji, na migongoni nikawapa mbawa za wadudu niliowaona mchana, kila mshipa mahali pake. Watu walizipenda sana mtandaoni. Nawaambia ukweli, sikuona kama nafanya kazi mbili. Jicho lilikuwa lile lile.

Bosi wangu aliona mbili. "Mwanasayansi hachezi na rangi," alikuwa akisema mbele ya wenzangu. "Chagua moja." Nilicheka tu. Kazi niliitaka, na mtu ukiitaka kazi unajifunza kucheka hata usipofurahi.

Sasa sikizeni. Nikiwa kwa shamba moja la makadamia, nilipata mayai ya yule mdudu chini ya jani, yamegeuka meusi. Nikayapeleka maabara, nikafungua machache chini ya hadubini, ile mashine ya kukuza vitu vidogo. Ndani kulikuwa na nyigu mdogo kama chembe ya sukari. Amemla mwenye yai, amekaa humo kama mwenye nyumba! Mnaelewa? Shamba lilikuwa na askari wake, na mkulima alikuwa akiwaua kwa dawa bila kujua. Nilipiga picha kupitia hadubini.

Nikazionyesha kwa projekta kwenye mkutano wa kituo. Bosi akaangalia ukutani, akatabasamu.

"Picha nzuri sana. Umechora na ile tableti yako?"

Watu wakacheka. Nikasema, "Hapana, daktari. Hiyo ni picha ya hadubini."

Akaacha kutabasamu. "Mtu anayejua kutengeneza mbawa atashindwa kutengeneza nyigu?"

Hakuuliza mayai yako wapi. Hakuomba kuona. Kesho yake nikaambiwa nikae nyumbani mpaka jambo langu lichunguzwe, na mayai yaliyobaki kwa friji yakatupwa na takataka. Uchunguzi gani huo, ndugu zangu, unaoanza kwa kutupa ushahidi? Na wenzangu niliokunywa nao chai, wote wakaangalia simu zao.

Nilianguka. Nilihama Githurai, nikarudi kwa mama Kiandutu, nikalala nikiangalia mabati. Tableti niliitia kwenye sanduku la nguo. Picha zangu zote mtandaoni nilizifuta kwa vidole vyangu. Kile Mungu alichonipa, nikakichukia, kwa sababu mtu mmoja amekitumia kunipiga. Majirani wakauliza, "Msichana wako msomi amerudi kufanya nini?" Mami akawajibu, "Amekuja kwa mamake. Kuna ubaya?"

Halafu mchana mmoja, akikunja nguo za watu, akaniuliza, "Hao nyigu, uliwaona ama hukuwaona?"

"Niliwaona, mami."

"Wako wapi saa hii?"

"Wako shambani."

"Na wewe uko kwa kitanda changu. Ama shamba nalo wamekufungia?" Akatupa shati chini, shati la mteja! "Mimi sikufua nguo za watu ili wewe uje ulale hapa ukiitwa mwongo. Amka!"

Sikuwa nimewahi kumwona mami amekasirika hivyo. Hasira yake ikaniwasha.

Nilipigia simu mwenzangu mmoja wa maabara, mwanamke aliyenyamaza siku ya mkutano. Alikubali kabla sijamaliza kuomba. Tukazunguka mashamba, tukarudi mikono mitupu, tukaenda tena, mpaka tukayapata mayai meusi. Nikaenda kwa mkuu wa kituo, nikamwambia nataka watu wote walionicheka waketi chumba kile kile. Akasema nisubiri. Nikasubiri mlangoni pake, siku baada ya siku, mpaka akachoka kunipita.

Mkutanoni tukaunganisha hadubini na projekta. Sikugusa kitu. Nikampa bosi sindano. "Fungua mwenyewe, daktari."

Akafungua. Nyigu akatoka mzima, akapangusa vipapasio vyake, akatembea ukutani mkubwa kama ng'ombe. Nyuma mtu akasema, "Haiya!"

Nikauliza, "Huyu naye nimemchora?"

Bosi akaweka sindano chini. "Ni vizuri tumehakikisha," akasema.

Tumehakikisha! Mpaka leo sijasikia "nisamehe" kutoka kinywa chake. Nilirudishwa kazini, nikaomba msimamizi mwingine, nikapewa. Sasa kuna mabango ya kufundisha wakulima, nyigu nimemchora mimi, na jina langu liko chini yake. Jumamosi ni ya picha zangu zile za mbawa, na simwombi mtu ruhusa. Kuna mtu hapa aliniambia nisamehe. Najaribu. Lakini nisiambiwe kwamba kusamehe ni kusema halikutokea.

Asante mami, uliyeketi hapo mbele. Asante mwenzangu wa maabara, aliyehatarisha mkate wake kwa ajili yangu. Na asanteni nyinyi, mliotoka huku Ruiru na chupa za uji, mkaketi nami Kiandutu hata siku ambazo sikuongea.

Mzazi mwenye mtoto wa vipawa viwili, usimwambie akate kimoja ili wewe ulale vizuri. Na wewe uliyeambiwa kwamba kipawa chako ndicho kinafanya usiaminike, usiwaachie neno la mwisho. Wakikuita mkutanoni, nipigie. Nitakuja niketi kando yako, na hasira zangu zote.