Soga za Mikono

Ndani ya basi, muuguzi mstaafu alikuwa ameshapita kituo chake, wala hakujuta. Kwenye kiti cha mbele yake, mama mmoja, fundi cherehani, alikuwa akimsimulia abiria aliyeketi naye, karani mwenye tai, mambo ya kiwandani kwao.

"Walipomwajiri dada asiyesikia tulinung'unika, tutaongea naye vipi? Kumbe wasioongea ni sisi. Cherehani sitini zinanguruma, utamsemesha nani? Miaka tisa nimekaa na jirani yangu wa cherehani bila kujua ana watoto wangapi. Dada akatufundisha ishara zake, basi siku hizi ni soga kutwa."

"Kazini si kijiweni, mama," karani akasema. "Mashati yatashonwa saa ngapi?"

"Yanaisha mapema. Zamani nikiiwaza Jumatatu kichwa kinaniuma tangu Jumapili. Sasa analalamika mume wangu, maana naondoka hata chai hajanywa."

"Na msimamizi anawatazama tu?"

"Naye kajifunza ishara moja: nyamazeni."

Muuguzi akajikohoza ili asicheke.

Basi likasimama mbele ya kiwanda. Langoni, katikati ya mafundi wenzake, dada asiyesikia akamtazama karani dirishani, kisha akachezesha vidole hewani. Fundi akateremka huku akicheka hadi machozi.

"Kasema nini?" karani akauliza. Akatazama huku na huku, akalegeza tai, akainua mkono dirishani na kuziiga zile ishara, moja baada ya nyingine.

Pale langoni, mafundi wote wakashikana mabega kwa kicheko.