Jicho la Mbwa kwenye Boneti: Kwaheri, Daktari Achola

Ijumaa hii, tarehe 31 Julai 2009, Daktari Achola anastaafu baada ya miaka kumi na minane katika kliniki yetu ya mifugo hapa Kitengela. Alipofika mwaka 1991, ukitoka nje ya lango ulikutana na pundamilia kabla ya kukutana na mteja. Aliwaambia watu wake angekaa mpaka mvua inyeshe. Imenyesha mara kadhaa, naye hakuondoka.

Ametibu ng'ombe, punda na mbuzi wasiohesabika, lakini sote tunajua kipenzi chake ni jicho la mbwa. Hakuweza kueleza ugonjwa bila kuchora, wala hakuwa na subira ya kutafuta karatasi, kwa hiyo alichora kwa kidole kwenye vumbi la gari la mteja. Tezi kubwa ya machozi aliiweka juu ya jicho, chini ya mfupa, upande wa nje. Ile ndogo aliiweka kwenye kope la tatu, lile linalochungulia karibu na pua. Kisha mstari mmoja ulishusha machozi hadi puani. Dereva mmoja wa lori alifika Namanga na mchoro huo mlangoni, akarudi kutuuliza ile ni nembo ya kampuni gani.

Mwaka 2006 Katoo, mfugaji kijana wa Bisil, alimleta Chui, mbwa wake wa kulinda mbuzi. Kwenye pembe ya jicho kulikuwa na kinundu chekundu kama nyanya ndogo mbivu. Mbwa wake wa kwanza alipata kinundu kama hicho, mjomba wake akakikata kwa wembe. Jicho lilionekana limepona, kisha likakauka polepole, likajaa utongo, likapofuka. Sasa mjomba alikuwa amempa wembe mwingine.

Daktari alimvuta Katoo hadi kwenye pikapu yetu, akachora.

"Kijana, hii ni tezi imetoka mahali pake. Ni kisima. Wewe Mmaasai unaharibu kisima?"

"Lakini Daktari, si iko ile ingine ya juu?"

"Iko. Na wewe uko na miguu miwili. Nikate mmoja?"

Akairudisha tezi ndani, akaishona. Baada ya siku chache ikachomoka tena! Mjomba alitangazia soko zima la Bisil kwamba daktari wa Kitengela anashona mbwa kama soksi. Katoo alirudi na wembe mfukoni. Daktari alikiri kwamba mshono wake ulikuwa dhaifu, akaomba nafasi moja tu, akashona upya, safari hii kwa kina zaidi.

Siku ya kupima machozi, aliweka kikaratasi chini ya kope la Chui. Kikalowa chote papo hapo, nasi tukashangilia. Ni Kavata, msaidizi wake, aliyegundua kwamba Daktari alikuwa ameinama juu ya mbwa huku akilia, na kwamba machozi yaliyopimwa yalikuwa yake. Ikabidi aketishwe kwenye kiti cha mbali, kipimo kirudiwe. Kikaratasi cha pili kililowa taratibu. Hayo yalikuwa ya Chui mwenyewe.

Katoo aliendelea kuja kliniki mara nyingi kuliko jicho lilivyohitaji. Sababu yake ilikuwa imeketi kwenye meza ya mapokezi, nayo ndiyo inayoandika maneno haya. Tulifunga ndoa Aprili, na bado naamka nikitabasamu. Daktari aliapa hatagusa gari la maharusi. Lakini lilikuwa limetoka Bisil na vumbi lote la njiani, naye ni binadamu. Katika picha zetu zote, katikati ya maua, kuna jicho la mbwa na tezi zake mbili. Sijaona pambo zuri kama hilo.

Daktari, asante kwa kila jicho, na kwa subira uliyotufundisha. Nenda nyumbani salama, ule samaki, ulale hadi jua lipande, afya na furaha zisikupungukie. Chui amekuja kukuaga, macho yote mawili yaking'aa. Kavata ameleta vitambaa vya kutosha, kwa sababu tezi zako tunazijua. Na pikapu haijaoshwa tangu Jumatatu. Boneti ni yako. Chora mara moja zaidi.

Hatutaifuta.