Kikapu cha Simu Mlangoni mwa Kanisa

Bwana asifiwe, ndugu zangu wa Ipagala! Na ninyi wa kwetu Mpwapwa, nawasalimu kwa Kigogo: mbukwenyi! Nasimama kumshukuru Mungu aliyemrudisha mama yangu kwenye kwaya.

Ndugu zangu, nimelelewa na sauti ya huyo mama. Alitwanga uwele huku akiimba nyimbo za Kigogo, na mchi ndio uliokuwa ngoma yake. Hadi leo nikisikia kinu mahali, narudi kwenye ua wetu, vumbi miguuni, nikingoja ubeti wa mwisho ili tule.

Macho yake yakaanza kufifia. Daktari akasema hayatarudi kama zamani. Kitabu cha nyimbo kikawa ukungu mtupu. Jumapili moja alivua joho la kwaya, akalikunja, akaenda kuketi viti vya nyuma. Nyumbani nako akaacha kuimba kabisa! Kimya kile kiliniumiza sana.

Mimi sikusomea kompyuta. Nimejifunza mwenyewe, hatua kwa hatua. Nikaamua kumtengenezea programu ya simu: ubeti mmoja kwa ukurasa, herufi kubwa kama za ubaoni. Mdogo wangu alikuwa ameniachia iPhone, simu nzuri, yenye kudumu. Nikaanza na hiyo. Kumbe kuitengenezea programu kunahitaji kompyuta ya kampuni ileile iliyoiunda, nami sikuwa nayo. Nikahangaika, nikaomba, nikakata tamaa.

Ndugu zangu, jibu lilikuwa kikapuni! Kanisani kwa mama, simu huwekwa kwenye kikapu mlangoni kabla ya ibada. Mama Neema, mhudumu wa mlango, alipoiona yangu akacheka.

"Hii tuiweke juu, baba. Haina ndugu humu!"

Nikachungulia. Kweli! Humo mlikuwa na Android za kila aina, vioo vimepasuka, moja imefungwa kwa mpira, pamoja na vitochi vya wazee, vile visimu vya vitufe. Na ya mama ilikuwemo: Android. Nilizoea kuipigia tu, sikuwahi kuitazama. Miezi yote hiyo nilikuwa namshonea mama gauni kwa vipimo vyangu!

Nikaanza upya. Kwa Android, kompyuta yangu kuukuu ilitosha. Kwanza niliunda ukurasa mmoja wenye kitufe kimoja; kilipoitika, nilipiga magoti. Taabu zipo: simu hizo zina watengenezaji wengi, vioo havilingani, na maneno yaliyokaa vizuri kwenye simu niliyoazima kujaribia yalikatika kwenye ya mama. Nikaiunganisha simu yake na kompyuta kwa waya, nikarekebisha palepale uani.

Alipoishika alinuna. "Mwanangu, nitabonyeza nini mimi, na macho haya?"

"Gusa popote, mama. Ukurasa utageuka."

Akagusa. Midomo ikaanza kucheza bila sauti. Kisha akaimba! Sauti inakwaruza kidogo, lakini ni ileile ya kinuni. Nikalia kama mtoto.

Ndugu yangu unayetamani kuanza, usihangaike kwanza na simu ipi ni bora. Tazama iliyo mkononi mwa unayemtumikia, anza na kitufe kimoja, na mengine mkabidhi Mungu. Hatakuacha!

Jumapili iliyofuata mama alifika mlangoni amevaa joho lake, akanyoosha simu aiweke kikapuni. Mama Neema, niliyekwisha kumsimulia, akakirudisha kikapu nyuma.

"Hicho ni kitabu cha nyimbo, bibi. Pita nacho, kwaya inakusubiri."