Mzee Humaid na Spika ya Kushoto

Wasikilizaji wapendwa, sogezeni viti. Mlioko madukani Kanyenye, waombeni wateja wapunguze sauti kidogo. Mlioko Choma na ng'ombe zenu, tegeni sikio huku mnatembea. Leo tunamkumbuka mtu wa Tabora aliyetutoka msimu huu wa mvua. Jina lake Humaid Nassoro. Mzee Humaid wa duka la vitambaa. Mzee Humaid wa Cheyo, yule mwenye muziki.

Wengi mmesikia alivyokufa, na mmesikia kwa kupokezana, kila mmoja akitia chumvi yake. Sisi tumekwenda kwa wenyewe. Tumeketi na binti yake, Sheima, na haya mtakayoyasikia ni kama alivyoyaona yeye. Mama yake, Bi Siwema, bado amekaa eda ya mumewe. Amezungumza nasi kutoka nyuma ya pazia. Nawaambia mapema, habari hii inatisha, na mimi mwenyewe niliposimuliwa nilinyanyua miguu kutoka sakafuni.

Tuanze na mtu mwenyewe. Mzee Humaid alizaliwa hapa hapa mjini. Babu wa babu yake alikuja na misafara kutoka pwani, akafika Unyanyembe, akasema hapa panatosha. Familia iliuza shanga, ikauza chumvi, mwisho ikatulia kwenye vitambaa. Humaid alirithi duka, lakini moyo wake haukuwa kwenye vitenge. Moyo wake ulikuwa kwenye sauti.

Si sauti ya kubahatisha, jamani. Mpwa wake Muntasir, anayeishi Maskati, alikuwa akimletea diski ambazo si kama CD tulizozoea. Kwa macho ni zilezile. Ukiziweka kwenye mashine yake maalumu ndipo unajua. Zimerekodiwa kwa namna ambayo hakuna kinachoachwa nje. Mpiga udi akivuta pumzi kabla ya kugusa uzi, unamsikia. Kidole kikiteleza, unakisikia. Kiti chake kikilia, unakisikia pia, utadhani ameketi sebuleni kwako anasubiri kahawa. Na kati ya kipande na kipande kuna kimya, kimya safi, bila mvumo wala mkwaruzo. Mzee Humaid alikuwa akisema, "Muziki kila mtu anao. Mimi nanunua kimya."

Spika alitengenezewa hapa hapa. Fundi seremala Masolwa alimchongea makasha mawili ya mninga, yanayomfika mtu mzima kiunoni. Chini, kwa mbele, kila kasha lina tundu la mviringo, unaweza kuingiza mkono. Hapo ndipo besi inapotokea. Masolwa, ambaye baba yake alikuwa mtu wa kurina asali, alicheka sana.

"Mzee, hapa umenichongesha mizinga ya nyuki," alisema. "Niweke basi wavu, visiingie vidudu."

Humaid alikataa. Wavu ungeharibu sauti. Bi Siwema akaogopa panya, akasokota kanga kuukuu, akaziba matundu. Humaid akaitoa. Akaziba tena, ikatolewa tena.

"Sikio la kufa halisikii dawa, Baba Sheima," mkewe alimwambia.

"Spika inapumulia hapo, Mama Sheima. Wewe nikikuziba pua utaimba?"

Wakacheka. Matundu yakabaki wazi. Nasema tena, wasikilizaji: matundu yakabaki wazi.

Mvua zilipoanza, Sheima alikuja kutoka Nzega kuwatazama wazazi. Alikuja na binti yake Ruaa, mtoto wa miaka minne. Siku moja, wakiwa kwenye chakula cha mchana, Mzee Humaid aliweka tonge chini akasema, "Spika ya kushoto ina kitu."

Ilikuwa nini? Mchakacho. Mdogo mno, alisema, kama mtu anayeburuta hariri juu ya karatasi. Muziki ukipiga haupo. Kipande kikiisha, kwenye kile kimya chake, unakuja. Spika ya kushoto tu.

Sheima alikwenda akasikiliza. Hakusikia kitu. Bi Siwema alisikiliza, naye hakusikia kitu. Masolwa akaitwa. Alimwamkia mzee shikamoo, akaitikiwa marahaba, akapiga magoti. Aligonga kasha kwa kiganja. Kisha akaingiza mkono kwenye tundu mpaka kwenye kiwiko, akapapasa huku na huku, akautoa. Hakushika kitu. Masolwa anatuambia kwamba mpaka leo akiukumbuka mkono ule unakufa ganzi, na huwa anaamka kuutazama kama bado upo.

Mzee hakutulia. Alibadilisha nyaya, za kushoto akazipeleka kulia. Kama kasoro ingekuwa kwenye mashine, mchakacho ungehamia kulia. Haukuhama. Akazima kila kitu, akachomoa hata plagi ukutani, akakaa. Mchakacho akausikia. Sasa wewe fikiri. Mashine imezimwa, na sauti bado ipo. Mtu aliyeishi kwa masikio yake atafikiri nini?

Bi Siwema alikuwa na jibu. Alimvuta Sheima jikoni akamwambia, "Baba yako masikio yameanza kuzeeka. Mjomba wangu alianza hivyo hivyo, anasikia nzige kichwani. Haukupita mwaka, hata adhana hakuisikia."

Ukuta wa jikoni ni mwembamba. Mzee alisikia.

Tangu siku ile aliogopa, na Sheima aliiona hofu ile. Alimkuta barazani ameweka saa ya mkononi kwenye sikio la kulia, kisha la kushoto, kisha la kulia tena. Uso wake ulikuwa wa mtoto aliyepotezana na mama yake mnadani.

"Sheima," alisema, "masikio yakienda, mimi nitabaki nani?"

"Baba, ni uzee tu. Tutakwenda hospitali wakupime."

Sheima anasema neno hilo linamchoma. "Wote tulimwambia ni uzee. Hata mmoja wetu hakumwuliza, Baba, hicho kitu unakisikia wapi hasa?"

Ikafika ile Ijumaa. Mzee alirudi msikitini, wakala. Bi Siwema akaenda msibani Kanyenye. Jua lilikuwa kali, lile jua la kati ya mvua na mvua, na mapazia ya sebuleni yalishushwa. Mzee aliweka diski ya udi. Ruaa akatandika mkeka wake mbele ya spika ya kushoto, maana alipenda besi imtekenye tumbo. Hazikupita dakika nyingi akalala. Sheima alikaa mlangoni, ungo mapajani, anachambua mchele.

Kipande kilipoisha, Sheima alimwona baba yake ananyanyua kidole. Kipande kingine kikaanza. Hapo mzee akafanya jambo la ajabu. Aliinuka, akageuza kiti chake, akakaa akizipa spika mgongo, akimtazama Sheima uso kwa uso. Sheima aliacha kuchambua. Alijisemea, basi, akili zimeanza kumtoka. Alitaka kulia, akauinamia mchele.

Kipande kikaisha. Kimya. Mzee alikuwa amefumba macho. Alipoyafumbua, Sheima alishituka. Ulikuwa uso ambao hajapata kuuona, uso wa mtu aliyefurahi na kuogopa kwa wakati mmoja.

Nieleze hapa, asiachwe mtu nyuma. Sauti ikiwa ndani ya kichwa, geuka utakavyo, inabaki sikio lilelile. Mzee aligeuka, na mchakacho ukahama. Kwanza ulikuwa sikio la kushoto, sasa ulikuwa la kulia. Kwa hiyo haukuwa kichwani. Masikio yake yalikuwa mazima. Na kama masikio yalikuwa mazima, basi kile kitu kilikuwa ndani ya spika kweli, na kilikuwa hai.

Kipande cha mwisho kilianza. Mzee alisema kwa sauti ya kawaida kabisa, kama anayeomba maji.

"Sheima. Usinyanyuke. Usizime muziki. Mle ndani mna kitu."

"Kitu gani, Baba?"

"Kilicho hai. Muziki ukipiga kinatulia. Kukiwa kimya ndipo kinasogea."

Sheima aliangalia mkeka. Ruaa alikuwa amejinyoosha usingizini, kisigino chake kiko mbele ya tundu, karibu sana, mtu angeweza kuziba nafasi ile kwa kiganja. "Nilitaka kupiga kelele," anasema, "nikauma mtandio. Mchele ulikuwa unamwagika kutoka kwenye ungo nami siuoni."

Akaanza kuomba. Hakuomba mengi. Aliomba umeme usikatike. Wiki ile umeme ulikuwa ukikatika alasiri bila hodi, mara dakika tano, mara mpaka jioni. Hakuna siku mtu ameupenda umeme kama Sheima alivyoupenda alasiri ile. Alikuwa akiitazama ile taa ndogo ya kijani kwenye mashine kama roho ya mwanawe imetundikwa pale.

Mzee Humaid alivua makubazi. Akaenda taratibu, akipita ukutani. Hakumnyanyua mtoto, maana angeshituka na kutupa miguu. Alichuchumaa, akashika ncha mbili za mkeka, akaanza kuuvuta. Sakafu ilikuwa ya saruji laini. Mkeka ukateleza kidogo. Ukateleza tena. Kisigino kikaachana na tundu kwa shubiri moja. Udi ulikuwa unalia pale sebuleni, mzuri kupita kiasi, na Sheima anasema aliuchukia kwa uzuri wake na bado aliuomba usiishe.

Umeme ukakatika.

Taa ya kijani ikazimika. Udi ukakatwa katikati. Na katika kile kimya, wasikilizaji, Sheima akausikia. Kwa mara ya kwanza akausikia ule mchakacho. Hariri juu ya karatasi. Ulikuwa unakuja mbele.

Kichwa kikatokea tunduni. Cha kijivu, chembamba, hakina haraka. Mzee hakurudi nyuma. Mkono wa kulia ulikuwa bado na ncha ya mkeka. Aliuvuta kwa nguvu zote, mkeka ukaruka na mtoto mpaka miguuni kwa mama yake. Mkono wa kushoto aliupeleka mbele ya tundu. Nyoka akaupata huo.

"Mchukue," alisema. Neno hilo moja tu. Akakaa chini, mgongo ukutani.

Jirani yao, Leodgar, alikuja mbio aliposikia ukelele wa Sheima. Alimuua nyoka yule kwa mtarimbo. Anasema ni koboko, tena bado mchanga. Wengine wanabishana, sisi hatutabishana. Leodgar akamtia mzee kwenye gari lake, Sheima akakaa nyuma na baba yake, wakaelekea hospitali.

Garini mkono ulikuwa umefungwa kitambaa, na kope za mzee zilikuwa zinaanguka. Ulimi ulikuwa mzito. Sheima alikuwa akimwambia asilale. Yeye akamvuta mtandio.

"Ulikisikia?"

"Nini, Baba?"

"Kabla hakijatoka. Kwenye kimya. Ulikisikia?"

"Nilikisikia, Baba. Wallahi nilikisikia."

Mzee Humaid akatabasamu. Upande mmoja wa mdomo ulikuwa umeshakataa, akatabasamu kwa ule uliobaki. "Kumbe nilikuwa nasikia," alisema. Hofu iliyomkaa tangu ile siku ya jikoni ilikuwa imemtoka. Ilikuwa imehamia kwa binti yake, na mpaka leo ipo kwake.

Madaktari walihangaika naye kadiri ya uwezo wao. Kabla ya Magharibi alikata roho. Mzee Humaid Nassoro wa Cheyo, umri miaka sabini na mmoja. Alizikwa kesho yake asubuhi, na mtaa mzima ulimsindikiza. Ruaa hana hata mkwaruzo. Anauliza kwa nini babu hapigi muziki.

Nilimwuliza Bi Siwema kama ana neno. Akasema, "Niliziba tundu mara mbili. Ya tatu nilichoka. Na aliposema anasikia, nikamwambia ni uzee. Mwambie kila mwenye mume, asichoke ile ya tatu."

Wasikilizaji wapendwa, kwa Bi Siwema, kwa Sheima, kwa Ruaa, kwa Muntasir aliyeko mbali na hakuwahi maziko, tunasema poleni. Poleni sana. Mungu amlaze mzee wetu mahali pema, awape subira na usingizi, maana tunajua usingizi umekuwa adimu nyumbani kwenu.

Nanyi mlio majumbani. Yupo mzee ndani mwenu anayesema anasikia kitu. Au anaona kitu, au anaumwa pasipoonekana. Mmeshamjibu, na mnajua mlimjibu nini. Leo hatutapiga wimbo mwisho wa kumbukumbu hii. Tutanyamaza kidogo, msidhani redio imeharibika. Katika kimya hicho mgeukieni mzee wenu, mkae karibu, mwulizeni ni wapi.