Ngao Kanyoa Ndevu

Benchi lenyewe ni ubao uliolazwa juu ya matofali, ukuta ndio mgongo wake. Kushoto ni meza ya Gundi, fundi viatu. Kulia ni mlango wa Wembe, kinyozi. Katikati, kama askari wa mpakani, amekaa mama yao mzazi na jiko lake na birika la kahawa. Mtaa mzima unamwita Bi Kumbukumbu, maana ugomvi wote wa ukoo umo kichwani mwake: nani alimnunia nani, kwenye harusi ya nani, kwa ajili ya kiti gani. Darasa hakuliona hata dirishani, lakini hasahau. Na ugomvi mzito kuliko yote ni huu wa wanawe wawili, ambao tangu baba yao afariki walikuwa hawasemeshani. Mmoja akitaka kitu kwa mwenzake, anapitishia kwa mama: "Mama, mwambie mwanao asogeze kiti." Na huyo mwanao yuko pale pale, anasikia, anangoja aambiwe.

Asubuhi hiyo Gundi alifika amekunja uso.

— Mama, jioni msiniwekee nafasi. Ule mchezo siji kuutazama tena. Umeoza.

Bi Kumbukumbu akashika birika lisimtoke mkononi. Mchezo wenyewe ni ule wa kwenye tivii, wa shujaa Ngao, fundi wa lifti mwenye nguvu za ajabu, anayezuia kila kinachoanguka. Misimu miwili waliutazama chumbani kwake, Gundi mlangoni, Wembe mkekani, na ulikuwa mtamu hata hakuna aliyefungua mdomo. Msimu wa tatu ndio ukaharibika. Lakini siku ya kwanza tu, Kutu, adui aliyekufa zamani, alipotokea mzima anachana nywele, Gundi alijisahau akasema: "Huyu si alikufa?" Wembe naye akajisahau akajibu: "Alikufa, hata akizikwa nilimwona." Mama yao akatulia tuli, kama mtu aliyetuliwa na ndege begani. Tangu hapo kila wiki mchezo unazidi kuoza, na kila wiki wanawe wanazidi kuulalamikia, uso kwa uso, bila kupitia kwake. Kimoyomoyo amekuwa akiwashukuru hao wanaouandika, popote walipo. Sasa Gundi asipokuja, watasemeshana nini?

— Kunywa kwanza, baba, akamwambia, akammiminia nusu kikombe. Kahawa ilikuwa kidogo na yeye alitaka maneno yawe marefu.

— Gundi ana haki, akadakia Antena, fundi wa madishi, ambaye hajawahi kukosa sababu ya jambo lolote. Wamebadilisha mwandishi. Yule wa kwanza kaoa. Mtu akishaoa ataandika saa ngapi habari za kurushana maghorofani? Wahenga walisema, mvumilivu hula mbivu.

— Hiyo inaingiaje hapo? akauliza Gundi.

— Inaingia. Tumevumilia, tumeletewa mbovu.

Wembe akatoka dukani kwake, taulo begani.

— Si mmoja, wako kundi zima na hawasalimiani. Wiki hii Ngao anaogopa paka, wiki ijayo analala na paka.

— Na mama yake je? akauliza Gundi, akimtazama mdogo wake machoni. Zamani alikuwa hatoki kwenda kuokoa mtu bila kumuaga mama yake. Mama yake yuko wapi siku hizi?

— Yuko jikoni. Aliingia jikoni msimu ulipoanza, hajatoka.

— Anapika nini muda wote huo?

— Anapika hasira, akasema Bi Kumbukumbu, akawaongezea robo robo.

Antena akainama, akashusha sauti.

— Nyinyi mnazunguka tu. Yule si Ngao. Yule ni adui yake, Kutu, kavaa sura ya Ngao. Na nyie mkae mkijua, huyo Kutu ndiye anayeuandika mchezo sasa hivi.

— Antena, Kutu ni mtu wa ndani ya mchezo, akasema Wembe.

— Ndivyo anavyotaka ufikiri.

— Wewe unapanda mapaa bila kofia, jua limeshakuingia.

— Cheka tu. Kuna nchi nyingine wanaletewa msimu wa tatu ule mzuri, sisi tunarushiwa makombo. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, na sisi madishi tumeyainua juu.

Hata Gundi akacheka. Kisha akachukua nyundo, akapigilia msumari mmoja, akaiweka.

— Mimi nitawaambia ulipoharibikia. Uliharibikia pale walipomnyoa Ngao ndevu.

Bi Kumbukumbu akahisi baridi, ingawa jiko lilikuwa miguuni pake. Maana ugomvi wao ndio huo huo. Marehemu mume wake alifuga ndevu maisha yake yote. Alipougua, Gundi alikuwa mbali, kwenye kiwanda cha mabuti. Aliporudi alikuta baba ameshafumba macho, na kidevu kimenyolewa kikang'aa, na mtaani kinyozi ni mmoja. Gundi alisema neno moja tu: "Mmeniwekea mtu nisiyemjua." Hakumsemesha tena ndugu yake.

— Ndevu haziokoi mtu, akasema Wembe taratibu.

— Ndevu ndiyo sura yake. Nimemjua kwa ndevu zile. Nageuka kidogo tu, narudi, nakuta kidevu cha mtoto. Nimlilie nani, huyo?

— Alikuwa mgonjwa.

— Ngao aliugua lini? akauliza Antena. Gundi akamkazia macho Wembe.

— Mtu akiugua ndiyo anyolewe kama kondoo?

— Homa ilikuwa kali.

— Wangengoja nirudi.

Hapo ndipo sauti ngeni ilipoingia. Alikuwa mteja mmoja amesimama kwa mguu mmoja, kiatu mkononi, ameshasikiliza kitambo.

— Samahanini, huyo mnayemsema, alinyolewa kwa nguvu, au aliomba mwenyewe?

Bi Kumbukumbu akajikagua kichwani, kona kwa kona. Amebeba maneno mangapi kati ya watoto hawa, ya viti, ya chumvi, ya funguo, na hili hajawahi kulibeba. Siku ile ya kunyolewa mume wake alikwenda kutafuta dawa, aliporudi alikuta ndevu ziko kwenye taulo. Hakuuliza. Hakuna aliyeuliza.

— Aliomba, akasema Wembe. Alikuwa akiikunja taulo yake, anaikunjua. Alisema zinamwasha, na uji unagandia. Akaniambia, ninyoe, kaka yako akija anikute nadhifu.

Gundi akaokota kiatu kisicho na kasoro, akaanza kukikagua.

— Alisema hivyo? Kaka yako akija?

— Hivyo hivyo.

— Mbona hukuniambia?

— Ulikuwa hunisemeshi. Ningemtuma mama, lakini lile si neno la kumtuma mtu.

— Ngoja kwanza, akasema Antena, hiyo ilikuwa sehemu ya ngapi?

— Kunywa, Antena, akasema Bi Kumbukumbu, akamtia kikombe mkononi. Yeye mwenyewe alijifanya anachochea jiko, moshi usingiziwe machozi yake. Mungu awape umri mrefu wale waandishi, akasema moyoni, na akili zao aziache vile vile zilivyo.

Gundi akapenga kamasi kwa kitambaa cha kung'arishia viatu.

— Huyo Kutu leo atafufuka tena? akamuuliza mdogo wake.

— Lazima. Safari hii atafufuka na mkewe.

— Basi nitakuja niuone upuuzi huo.

— Jamani, na kiatu changu? akauliza mgeni.

— Lete, ukae hapa. Mchezo wa Ngao unaujua?

— Siujui.

— Nitakueleza tangu mwanzo.

— Nitamweleza mimi, akasema Wembe, akakaa upande wa pili wa mgeni. Wewe unaruka mambo.

— Naruka nini?

— Unaruka pale lifti ilipokatika.

— Siruki, ila kabla ya lifti kuna yule mama aliyebeba mayai.

— Mayai yalikuja baadaye, kaka.

— Yalianza mayai.

Mgeni akawa anageuza shingo huku na huku, mguu wake mmoja na soksi hewani, na kiatu hakuna aliyekigusa.