Mpinzani wa Bi Verna

Ndani ya basi la asubuhi la kwenda mjini Millgrove, Ohio, Bi Verna Stauffer, Mrepublikan wa kutupwa, alimgeukia kijana mwenye beji ya chama cha Demokrati. "Wewe ndiye ninayekutafuta."

Kijana akacheka. "Mama, mimi na wewe hatuwezi kukubaliana hata kama nje kuna mvua."

"Ndiyo maana." Akamweleza kwamba kituo chao cha kura, ambako yeye ni karani wa Republikan, kimo kwenye ghorofa ya chini ya kanisa, na sheria inadai karani kutoka kila chama. Lorraine, karani Mdemokrati aliyefanya naye kazi miaka ishirini na sita, amelazwa hospitalini. Asipopatikana mwingine kufikia saa sita mchana, kituo kinafungwa na watu watapiga kura kwa posta. "Kwa posta, kama wanaoagiza soksi. Maduka wazi Jumapili, kanisa tupu, hata wachumba wanatafutwa kwenye simu. Kura angalau niachieni niipige jirani akiniona."

"Na ukiiba kura?"

"Kazi yako kunikamata, mwanangu. Lorraine hakuwahi kupepesa macho."

Nyuma yao Emmett Kozar alikuwa akisikiliza. Alikuwa Mdemokrati tangu utotoni, na hakuwa amemsemesha Verna tangu mgomo wa kiwandani wa mwaka 1983, mama huyo alipowapita wagomaji langoni akaingia kazini. Hajamsamehe. Lakini miaka arobaini amekaa vikaoni na wenzake wanaoipigania demokrasia kwa midomo, na hakumbuki hata mmoja aliyepanda basi kwenda kutafuta mpinzani wa kumchunga.

Basi likasimama. Kijana alikuwa amerudia kutazama simu yake. Emmett akajikuta anapapasa chini ya kiti, akitafuta mkongojo wake ili ashuke na Verna.