Fundi Kavu na Kitambaa Kisichopata Doa

Ndugu waombolezaji, haya ninayoyasoma nimeyashuhudia kwa macho yangu yote mawili, isipokuwa kuzaliwa kwake tu, tarehe 14 Machi 1961, kwa kuwa mimi ni mdogo wake, ila mama alinisimulia mara nyingi hadi nikawa kama nilikuwepo.

Kaka yetu, mliyemzoea kwa jina la Fundi Kavu, alimaliza darasa la saba mwaka 1975, mimi nikamshinda kwa kuacha mapema, na tarehe 2 Februari 1978 akaanza kazi kwenye karakana ya injini, akapewa meza ya kranki, ule mhimili mzito unaozunguka ndani ya injini, wenye njia nyembamba za oili, ambazo ncha zake huzibwa kwa vizibo vya chuma vinavyoshindiliwa kwa nyundo hadi vibane. Wenzake walishindilia wakaenda kula, yeye aliunganisha pampu, akasukuma oili kwa nguvu, akaweka kitambaa cheupe chini ya kizibo na kungoja saa nzima, na likionekana doa hata la kichwa cha pini, aling'oa kizibo akaanza upya.

Tarehe 20 Septemba 1986 alimuoa shemeji yetu huyu, ambaye hadi leo anadai vitambaa vyake vya meza viliishia karakana, wakajaliwa watoto watatu, wote wabishi kama baba yao.

Mei 1994, injini aliyoishughulikia ilikwama barabarani siku ya tatu tangu itoke karakana, na tajiri wa karakana akamwambia mbele yetu mafundi wote, "Kizibo chako kinavuja, vua ovaroli uende," naye akajibu, "Nitaivua nikiona doa, bosi," akaitoa kranki mwenyewe, akaunganisha pampu, akatandika kitambaa, tukasimama saa nzima bila kukohoa, kitambaa kikabaki kikavu, ndipo ikagundulika kwamba pampu ya oili ya injini ile ilikuwa ile ile kuukuu, imerudishwa badala ya mpya kwa amri ya tajiri mwenyewe, basi tajiri akapiga magoti akamwomba radhi, na kaka akapata jina analozikwa nalo leo.

Tarehe 3 Novemba 2022 alianza kuugua figo, akalazwa, na hata kitandani aliweka pamba chini ya kiungo cha mpira wa dripu, muuguzi alipomuuliza anatafuta nini, alisema anapima kazi ya huyo muuguzi, hadi alipotutoka tarehe 9 Juni 2024, saa nne asubuhi.

Tunawashukuru madaktari, wauguzi waliomvumilia, majirani, mafundi wenzake, na tajiri, aliyeketi pale safu ya tatu.

Nakiri neno moja nimelitia mwenyewe, yale magoti na ile radhi, hakuna aliyeomba, miaka thelathini sasa. Mengine yote yapimeni, hayavuji. Pumzika, kaka, kazi yako ni kavu. Jeneza bado halijafunikwa, tajiri yuko hapa, nami nakaa chini nimpishe.